Ziara ya miguu ya Salem: msimulizi hodari, sheria kaiacha njiani

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kijana aliyetuongoza angekuwa anauza hadithi peke yake, ningempa zote tano. Ila tangazo la kampuni yake linaahidi historia kamili ya kesi za wachawi za 1692 katika mji huu wa Massachusetts, Marekani, na kesi ni jambo la sheria: kuna jaji, kuna hati ya mashtaka, kuna kifungu. Hayo tuliyapita mbio ili tuwahi uchochoro unaosemekana una mizimu.

Kampuni siitaji. Ziko tele pale mjini na karibu zote hupita njia moja, kwa hiyo ninayoyasema yatakufaa hata ukichukua nyingine.

Niliyempeleka ni mjomba wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Ganze, Kilifi. Sisi Wakenya wa Lowell, jimbo hilohilo, tuna ratiba yetu ya wageni: Boston mjini, picha pale Harvard, kisha maduka ya nguo za bei ya kutupa. Mjomba hakuitaka ratiba hiyo. Alikuwa naibu wa chifu hadi alipostaafu, na mashauri ya uchawi alikuwa akiletewa hadi mlangoni, mengine usiku. Aliposikia Salem si mbali, akasema, "Hapo ndipo unipeleke. Nataka kuona wenzetu walifanyaje."

Usafiri ni rahisi. Kutoka Lowell unapanda treni hadi North Station, Boston, unashuka, unachukua ile inayokwenda Newburyport au Rockport. Kutoka Boston ni kama nusu saa, na ukishuka Salem unatembea tu hadi katikati ya mji. Oktoba usijaribu, isipokuwa kama unapenda kusukumana; mji mzima hugeuka sherehe ya Halloween na kila kitu hupanda bei. Sisi tulikwenda Aprili. Kibaridi kilikuwepo, lakini kundi lilikuwa dogo na mzee aliweza kumsikia msimulizi bila kutega sikio. Ukiwa na mtu mzima mwambie avae viatu vya soli nene, maana njia nyingi ni za matofali na mizizi ya miti imeyainua.

Kabla ziara haijaanza Mjomba aliliona gari la polisi. Lina nembo ya mchawi aliyepanda ufagio. Akasimama. "Mwanangu, hao ni polisi wa kweli?" Wa kweli. Polisi wa Salem huivaa nembo hiyo begani, na timu za michezo za shule ya sekondari ya mji zinaitwa Wachawi. Penye kona ya Essex Street na Washington Street kuna sanamu ya shaba ya mwigizaji aliyeigiza mke mchawi katika kipindi cha zamani cha televisheni, imewekwa 2005, na watalii wanapanga foleni wapigwe picha nayo. Maduka yanauza kofia za ncha, mifagio, mawe ya kuvuta bahati. Mzee aliingia kwa mpiga ramli mmoja, hakupigiwa, akatoka anacheka: mama yule ana leseni ukutani. Nikamweleza kwamba sheria ya Massachusetts inamtaka anayebashiri kwa malipo awe na leseni ya mji. "Leseni!" Alilirudia hilo neno hadi tulipofika mahali pa kukutania.

Msimulizi wetu alikuwa kijana mrefu mwenye joho jeusi, na sauti yake anajua kuitumia. Jambo la kwanza nililompendea: hakutudanganya kuhusu mahali. Yaliyoanza majira ya baridi ya 1692 hayakuanzia hapa tuliposimama, yalianzia Kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji mwingine unaoitwa Danvers. Kule, katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris, binti yake Betty wa miaka 9 na mpwa wake Abigail Williams wa miaka 11 walianza kupiga kelele, kujikunja na kutambaa chini ya meza. Daktari akasema si ugonjwa wa mwili. Watatu wakatajwa. Wa kwanza Tituba, mtumwa wa mchungaji. Wa pili Sarah Good, aliyekuwa akiomba chakula nyumba kwa nyumba huku akinung'unika. Wa tatu Sarah Osborne, mgonjwa, asiyeonekana kanisani, na mwenye mgogoro wa urithi wa shamba la marehemu mumewe wa kwanza.

Mjomba akaniegemea. "Mtumwa, ombaomba, na mwenye kesi ya shamba. Hata kwetu wangeanzia hapo."

Mpaka hapo ilikuwa ziara ya nyota tano. Tatizo likaja tuliposimama Washington Street, kwenye kibao kinachoonyesha ilipokuwa mahakama. Hapa ndipo nilipotarajia tukae. Kijana akasema watu wa zama zile walikuwa wajinga, walipandwa na wazimu wa pamoja, wakauana, haya tuendelee. Mtalii mmoja akauliza walichomwa moto wapi. Akajibiwa, sawasawa kabisa, kwamba Salem hakuchomwa mtu hata mmoja: 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Lakini kwa nini kamba na si moto? Hakusema. Jibu lake ndilo linalofungua habari nzima, na halikuhitaji hata dakika mbili.

Walinyongwa kwa sababu walihukumiwa kwa sheria ya Uingereza, na Uingereza ililihesabu kosa la uchawi pamoja na wizi na uuaji: adhabu ni kamba. Scotland na nchi nyingi za bara la Ulaya ndizo zilizochoma. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kwanza ya uchawi 1542, enzi za Henry VIII, likatunga nyingine 1563 chini ya Elizabeth, kisha kali kuliko hiyo 1604 chini ya James I. Hiyo ya James haikuhitaji hata mtu awe amedhurika. Kufanya mapatano na pepo mbaya, kumlisha au kumtuma, kulitosha kukunyongesha. Massachusetts nayo ilikuwa na kifungu chake tangu 1641, kifupi kama cha katekisimu, na pembeni yake wameandika mistari ya Biblia, ule wa Kutoka 22:18, unaoamuru mchawi asiachwe hai, ukiwa wa kwanza.

Hivyo hao hawakuwa kundi la watu wenye mapanga. Kuanzia Machi hadi Mei 1692 washukiwa walijazana magerezani bila kuhukumiwa, na sababu ni ya karatasi tupu: hati ya kifalme ya koloni ilikuwa imefutwa tangu 1684, kwa hiyo hapakuwa na mahakama yenye mamlaka ya kuwahukumu. Gavana mpya, William Phips, alishuka melini katikati ya Mei na hati mpya mkononi, akaunda mahakama maalumu, akamweka naibu wake William Stoughton kuwa jaji mkuu. Tarehe 10 Juni wakamnyonga Bridget Bishop. Kila mmoja aliyefuata alikuwa na hati ya mashtaka, mashahidi walioapishwa, jopo la waamuzi, na waranti iliyotiwa sahihi. Mjomba aliyasoma maneno ya kile kibao polepole, akasema, "Kwetu wanaoua hukimbia usiku. Hawa walikuwa na muhuri."

Kuhusu ushahidi kijana alirudi kwenye ubora wake, na hapa namsifu bila kubana. Alitueleza ushahidi wa kivuli: msichana anasema jana usiku nilimwona fulani, umbo lake, likinikaba, ilhali fulani mwenyewe alikuwa kalala kwake na mumewe anashuhudia. Mahakama ikapokea. Utajitetea vipi? Ukisema hukuwepo, hakuna anayesema ulikuwepo. Kisha akaigiza mtihani wa kugusa: anayeteseka anagaragara, mshtakiwa anaamriwa amguse, akitulia basi ule uchawi umerudi kwa mwenyewe. Mjomba akanong'ona, "Kajiwe." Wasiokumbuka: huyo ni mganga wa Rabai aliyezunguka vijiji vya Wamijikenda miaka ya 1960 akifichua wachawi, na mzee alimwona utotoni. Jambo moja kijana alilisema vizuri mno: waliokiri ndio waliopona. Tituba alikiri, hakunyongwa. Wanaozidi 50 walikiri. Kamba iliwangoja waliosema "mimi si mchawi" na kushikilia hivyo.

Sasa Rebecca Nurse, na hapa mniruhusu, maana mimi kazi yangu ni kutunza wazee. Alikuwa na miaka 71, mtu wa kanisa, na majirani 39 waliweka sahihi zao kumtetea, jambo lililohitaji moyo mwaka ule. Tarehe 29 Juni jopo likamwona hana hatia. Wasichana waliokuwa wakimshtaki wakapiga mayowe mahakamani, na Stoughton akawauliza waamuzi kama wamelifikiria neno moja alilolitamka: mshtakiwa mwingine alipoletwa kutoa ushahidi, Rebecca alisema huyo ni mmoja wetu. Alimaanisha mfungwa mwenzake. Waamuzi wakamwuliza alimaanisha nini. Hakujibu. Wakatoka, wakarudi: ana hatia. Baadaye aliandika kwamba masikio yake ni mazito na alikuwa amejaa huzuni, hakusikia kwamba ameulizwa. Gavana akamsitishia hukumu, kisha akabatilisha. Tarehe 19 Julai wakamnyonga.

Msimulizi alilitaja kwa sentensi moja, kama tanbihi. Mimi nilibaki nyuma ya kundi. Wazee ninaowahudumia, karibu nusu wana sikio moja tu linalofanya kazi. Ukimwuliza kutoka upande mbovu atakutazama tu, na asiyemjua atadhani ni kiburi. Jua likizama wengine huanza kuongea na watu ambao hawapo, huvua nguo, huelekea mlangoni wakisema wanakwenda kwao. Lowell hilo lina jina la kitabibu na fomu ya kujaza zamu inapobadilishana. Kilifi bibi akikutwa alfajiri yuko uchi kwenye boma la watu, wataambiana huyo ni mchawi aliyepambaukiwa njiani, na kabla ya saa nne vijana watakuwa wameshakusanyika. Mjomba amewahi kusindikiza wazee wa namna hiyo hadi Kaya Godoma, kulekule Ganze, kituo kinachowahifadhi waliotishiwa kuuawa, mara nyingi na damu yao wenyewe.

Na ndiye aliyeiokoa ziara. Tulipofika lilipokuwa gereza, Federal Street, kijana aliuliza kama kuna swali. Mjomba akainua mkono kama yuko barazani, akauliza kwa Kiswahili, nami nikatafsiri: "Huyu akishanyongwa, shamba lake linakwenda kwa nani?"

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaacha sauti ya mizimu. Akatueleza kuhusu George Corwin, ofisa wa kutekeleza amri za mahakama na mpwa wa mmoja wa majaji, aliyekwenda nyumbani kwa mshtakiwa John Proctor angali gerezani akachukua mifugo, akamwaga bia akabeba pipa, akamwaga mchuzi akabeba chungu, watoto wakabaki hivyo. Akaeleza kuhusu Giles Corey, mzee aliyepita miaka 80, aliyegoma kukubali kuhukumiwa na mahakama ile, wakamlaza, wakamlundikia mawe kifuani hadi akafa tarehe 19 Septemba, naye alikuwa ameshawaandikia wakwe zake ardhi yote. Akaeleza kwamba mfungwa alilipia chakula chake na hata minyororo yake, na ambaye hakulipa hakutoka hata akiachiliwa. Tituba alikaa gerezani zaidi ya mwaka kwa deni hilo, hadi alipopatikana mtu wa kulilipa. Akaeleza kuhusu Dorothy, binti wa Sarah Good, aliyefungwa na umri wa miaka 4 au 5, miezi kadhaa katika minyororo. Miaka 18 baadaye baba yake aliandika akiomba fidia kwamba akili za mwanawe hazikurudi.

Zilikuwa dakika kumi bora za siku, na hazimo katika maelezo ya kawaida. Ilibidi naibu wa chifu wa Ganze aulize. Nilipomwuliza Mjomba alilijuaje swali, alinitazama kama nimeuliza maji yametoka wapi. "Mwanangu, mimi kila aliyeniletea mchawi nilimwuliza hilo kwanza. Shamba liko kwa jina la nani? Wengi walikuwa wanaaga palepale."

Ziara huishia kwenye ukumbusho wa 1992, karibu na makaburi ya Charter Street. Kuingia ni bure, na kama huna dola za kampuni yoyote nenda hapo tu. Ni ua mdogo wenye ukuta wa mawe; ukutani yametokeza mabamba 20 ya mawe kama viti, ya wale 19 na Giles Corey, kila moja na jina, tarehe, na namna ya kifo. Kwenye kizingiti wamechonga maneno ya washtakiwa wakijitetea, na ukuta unayakatiza katikati ya sentensi. Upande wa pili, ndani ya makaburi, amezikwa John Hathorne, mmoja wa majaji wa kesi zile, ana kaburi na jiwe lake. Walionyongwa hawakuzikwa humo. Kijana alizungumza kwa sauti ya chini hapo, hakuigiza, akatuacha. Mjomba alisoma jina moja baada ya jingine, yote 20, nami nikanunua kahawa nikarudi bado anasoma.

Nyumba ya Jaji Jonathan Corwin mtaiona njiani, nyeusi, ina paa la pembe tatu kali. Ndilo jengo pekee lililobaki Salem lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi zile. Tiketi yake hununuliwa kando. Dari ni ya chini, ngazi ni za kubana. Sawa, ukiwa na muda.

Ambapo ziara haifiki kabisa ni mahali penyewe pa kunyongea. Watafiti walithibitisha Januari 2016 kwamba ni Proctor's Ledge, mwamba mdogo ulio kati ya Pope Street na Proctor Street, nyuma ya duka la dawa, na Julai 2017 mji ukazindua ukumbusho: ukuta wa nusu duara wenye majina 19 na mti wa mwaloni. Tulichukua teksi. Kuna nyumba za watu pembeni, kwa hiyo msipige kelele. Naelewa kwamba ni mbali kwa kundi la miguu, lakini msimulizi angetaja tu, watu wangejipeleka.

Sasa nirudi kwenye lile linaloninyima kutoa nyota zilizobaki. Kabla hatujaagana Mjomba aliuliza swali la pili: sheria ile waliifuta lini? Kijana akajibu kwamba yote yaliisha 1693. Ni jibu la hadithi. Kesi ndizo zilizoisha: Oktoba 1692 mchungaji Increase Mather, mkuu wa Harvard (kwa hiyo Harvard tuliigusa hata hivyo), aliandika kwamba afadhali wachawi kumi wanaoshukiwa waponyoke kuliko mmoja asiye na hatia kuhukumiwa, Phips akaivunja ile mahakama, iliyofuata Januari ikakataa ushahidi wa kivuli, na karibu wote wakaachiliwa. Sheria je? Desemba ileile ya 1692, majina ya walionyongwa hayajapoa, Bunge la Massachusetts lilitunga upya sheria ya uchawi kwa maneno ya ile ya James I. Ni serikali ya kifalme huko London iliyoikataa, 1695. Mwaka 1711 koloni likawafutia hatia baadhi yao na kutenga fidia ya pauni 578 na shilingi 12. Waliobaki walingoja: azimio la 1957 likamtaja mmoja kwa jina, 2001 wakaongezwa watano, na wa mwisho, Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo lakini hakunyongwa, alisafishwa Julai 2022 baada ya watoto wa shule moja ya North Andover kuandika barua hadi bungeni. Watoto wa darasa la nane! Hilo kwenye ziara halikutajwa, na kundi letu lilikuwa na watoto.

Halafu kuna Uingereza kwenyewe. Mwaka 1735 Bunge liliifuta sheria ya James na kuigeuza shingo: kuanzia hapo hakuna kosa la kuwa mchawi, kuna kosa la kujidai mchawi, kwa sababu serikali imeamua uchawi haupo. Adhabu mwaka mmoja jela, na kusimamishwa hadharani kichwa kikiwa kimebanwa kwenye mbao. Sheria hiyo iliishi kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Mwaka 1944, katikati ya vita, Helen Duncan, mwanamke wa Scotland aliyedai kuita roho za wafu, alifungwa miezi tisa kwa sheria hiyohiyo. Ikafutwa 1951.

Na mtoto wa sheria hiyo anaishi Kenya. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ilitungwa na Waingereza 1925 na bado imo vitabuni. Mantiki ni ile ya 1735: inamwadhibu anayejifanya ana uwezo, anayeuza dawa ya kuroga, na pia anayemwita mwenzake mchawi. Tanganyika walipewa ya kwao 1928, na humo mkuu wa wilaya ana mamlaka ya kumhamisha mtuhumiwa kutoka kwao. Uganda walikuwa na ya kumfukuza mtu kijijini, hadi mahakama ya katiba ilipoibatilisha amri ya namna hiyo 1997 katika shauri la Salvatori Abuki, aliyeamriwa asikanyage kwake miaka 10. Na yaliyotokea pale watu walioamini uchawi upo walipokutana na majaji walioamini haupo yaliandikwa mapema: 1932 Wakamba 60 walihukumiwa kifo kwa pamoja kwa kumuua mwanamke waliyesema amemroga mke wa mwenzao. Hukumu zile zilipunguzwa baadaye. Ukitaka kujua kwa nini kesi za Salem zinatuhusu, hiyo ndiyo njia zilikopitia.

Ndani ya treni Mjomba alinieleza kifungu kimoja cha Sura ya 67 ambacho yeye alikiishi. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa ukimtuhumu mbele ya mkuu wa wilaya, polisi, chifu, au mtu mwingine wa serikali. "Unaona mlango huo? Ndiyo maana waliniletea mimi. Akimwita bibi yake mchawi sokoni anavunja sheria. Akija kwangu anasema hilohilo, ni raia mwema." Nikamwuliza yeye alifanya nini. "Niliandika. Kila kitu niliandika, na jina la anayesema nikaliweka juu, kubwa. Watu hupenda kusema, hawapendi kuandikwa."

Kuna jingine dogo ambalo kampuni yoyote inayotaka wateja wa kwetu ingeweza kuliongeza bila gharama. Bandari ya Salem ilifanya biashara na Zanzibar. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kule Unguja, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem. Meli zao zilileta vitambaa vya pamba vya viwanda vya Massachusetts, vikiwemo vya Lowell ninakoishi, na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu wa mti. Mjomba alifurahi kwelikweli kulisikia hilo, kuliko mizimu yote.

Basi, kwa wanaouliza kama waende: nendeni. Wachukueni watoto wa kuanzia miaka kumi hivi, wadogo wataogopa ile sehemu ya mawe. Lipieni ziara ya mchana. Ile ya usiku ni ya vizuka tu. Mkiwa na mtu aliyewahi kuwa chifu, mwalimu au karani wa mahakama, mwacheni aulize, msimulizi anajua mengi kuliko anayotakiwa kusema. Choo kitafuteni kabla hamjaanza. Mimi nina mgeni mwingine Juni, mama mkwe, na yeye nitamwanzishia Pope Street kwa teksi, nimteremshe kwenye ukumbusho, halafu akitaka joho jeusi na mizimu, tutanunua tiketi.